Ukurasa wa barua uliowakutanisha wapenzi wa katuni

KATIKA vijitabu vya katuni vilivyouzwa kwa senti 12 nchini Marekani mnamo 1963, kushindwa kwa adui hakukuwa mwisho wa mambo. Baada ya picha ya mwisho ulisalia ukurasa mmoja au miwili ya maandishi madogomadogo: barua za wasomaji pamoja na majibu ya mhariri. Watu wazima waliokuwa watoto enzi hizo wangali wanaukumbuka ukurasa huo kwa hamu ambayo baadhi ya hadithi zenyewe haziipati.

Chanzo chake kilikuwa ada ya posta. Idara ya Posta ya Marekani iliwatoza wachapishaji wa majarida ada nafuu, lakini kijitabu cha katuni kilichotaka kutambuliwa kuwa jarida kilipaswa kuwa na kurasa za maandishi matupu. Kwa miaka mingi wachapishaji walizijaza kurasa hizo kwa vihadithi ambavyo watoto wengi walivirukia mbali. Kimoja kati ya hivyo, kilichotokea katika toleo la tatu la Captain America Comics mnamo 1941, kiliandikwa na kijana msaidizi wa ofisi aitwaye Stan Lee. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kuchapishwa. Baadaye ilibainika kwamba barua za wasomaji zingeweza kutimiza sharti lilo hilo, na waandishi wake hawakudai ujira. Kampuni ya EC ilikuwa miongoni mwa waliotangulia, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambapo mazimwi waliosimulia visa vya kutisha ndio waliojibu barua. Mnamo 1958 mhariri Mort Weisinger wa kampuni ya DC akaanzisha ukurasa wa barua katika Superman, na majarida mengine yakafuata mkondo huo.

Hata hivyo, aliyeugeuza ukurasa huo kuwa kitu kingine kabisa ni mwenzake Weisinger, Julius Schwartz, mhariri wa The Flash na Justice League of America. Wawili hao walifahamiana tangu ujana wao mjini New York. Walikuwa wasomaji sugu wa hadithi za kubuni za kisayansi, na mnamo 1932 walishirikiana kutoa kijarida cha mashabiki kilichoitwa The Time Traveller. Jarida la Amazing Stories, lililoanza 1926, lilikuwa na desturi ya kuchapisha barua pamoja na anwani kamili za walioziandika. Wasomaji waliokuwa wakidhani wako peke yao katika mapenzi yao waligundua kuwa mwenzao anaishi mtaa wa pili, wakaandikiana na kuunda vyama. Schwartz alikuwa zao la mfumo huo.

Mapema mwaka wa 1961, mhadhiri mmoja wa Detroit, Jerry Bails, alimtembelea Schwartz ofisini. Bails alikuwa amewapenda mashujaa wa katuni tangu utotoni na alitamani kuwapata wenzake. Muda mfupi baadaye akatoa Alter-Ego, kijarida cha mashabiki kilichonakiliwa kwa mashine ya mkono, akisaidiwa na kijana wa Missouri, Roy Thomas. Naye Schwartz akaanza kuchapisha anwani kamili katika kurasa zake za barua: jina, nambari ya nyumba, mtaa na mji. Barua zilizomridhisha zaidi alizituza kurasa asilia za michoro, ambazo wakati huo hazikuthaminiwa sana na wachapishaji wenyewe.

Matokeo yake ni vigumu kuyapima kwa macho ya leo, ambapo anwani ya mtu ni siri ya kulindwa. Mtoto wa mji mdogo aliyeandika kulalamika kwamba mchoraji amekosea rangi ya kofia angepokea, majuma machache baada ya barua yake kuchapishwa, bahasha kutoka kwa watu asiowajua wa majimbo ya mbali. Mmoja angetaka kubadilishana naye matoleo ya zamani, na mwingine kumbishia kuhusu kofia ile. Msomaji wa Kiswahili aliyezikulia kurasa za mashairi za magazeti yetu, ambamo malenga wa pwani huuliza na wa bara akajibu, hatapata taabu kuielewa ladha ya jambo hilo.

Katika kampuni ya Marvel, Stan Lee, ambaye sasa alikuwa mhariri, aliyatia mambo haya chumvi yake. Ukurasa wa barua wa Fantastic Four ulianza katika toleo la tatu, mwanzoni mwa 1962. Ukweli usemwe: mfuko wa posta haukuwa umejaa bado, na mojawapo ya barua za mwanzo ilitoka kwa Sol Brodsky, mtu wa papo hapo nyumbani kwa Marvel. Lakini punde barua za kweli zilimiminika. Lee aliwataka wasomaji wasimwandikie “Mhariri Mpendwa”, bali wamwite kwa jina lake pamoja na mchoraji Jack Kirby, nao waliitikia kama wanaoandikia wajomba zao.

Lee alibuni pia zawadi iliyoitwa No-Prize, yaani tuzo isiyokuwepo. Mwanzoni ilikuwa njia ya kuwatania waliodai malipo kwa kugundua makosa. Hatimaye alistahili kuipata yule aliyeweza kueleza kwa hoja ya kuridhisha kwa nini kosa hilo halikuwa kosa. Kuanzia 1967 washindi walitumiwa bahasha yenye maandishi ya kuwapongeza kwa tuzo iliyomo ndani, na ndani hamkuwa na kitu. Wapo walioandika tena kulalamika kwamba zawadi yao imepotelea njiani.

Toleo la 20 la Fantastic Four, la Novemba 1963, lina barua ya kijana wa Bayonne, New Jersey, anayeusifu ustadi wa hadithi. Jina lake ni George R. R. Martin. Mwandishi huyo, ambaye riwaya zake zilizaa tamthilia ya Game of Thrones mnamo 2011, amesema mara kadhaa kwamba hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kuchapishwa. Kupitia mtandao huo wa mashabiki alianza kuandika hadithi katika vijarida vyao, na mnamo Julai 1964 alikuwemo katika mkutano mdogo wa wapenzi wa katuni mjini New York, mmojawapo wa mikutano ya kwanza ya aina yake. Roy Thomas naye aliajiriwa na Marvel mnamo 1965. Miaka saba baadaye akarithi kiti cha uhariri mkuu kutoka kwa Lee mwenyewe.

Si kwamba ukurasa huo ulikuwa baraza huru. Mhariri ndiye aliyechagua na kufupisha, na majibu mengi yenye mzaha yaliandikwa na wasaidizi. Hata hivyo, ili kuingia humo ilimbidi mtu atoe sababu ya maoni yake, kisha asubiri miezi kadhaa. Tofauti ilidhihirika mnamo 1988, kampuni ya DC ilipowaachia wasomaji wa Batman waamue kwa simu ya kulipia iwapo msaidizi wake, Jason Todd, afe au aishi. Simu 5,343 zilimhukumu kifo na 5,271 zikamtetea. Kijana akafa kwa tofauti ya simu 72, na hakuna aliyetakiwa kueleza kwa nini.

Intaneti ilipoenea, mjadala ulihamia mahali ambapo jibu huja kwa dakika. DC iliziondoa kurasa za barua mnamo 2002, na ingawa zimewahi kurejeshwa hapa na pale, hazikurudia hadhi yake. Jarida la Saga la kampuni ya Image, lililoanza 2012, lilikwenda kinyume na wakati: mtunzi wake, Brian K. Vaughan, alishikilia kupokea barua za karatasi zilizotumwa kwa posta tu.

Lililo la kusikitisha zaidi ni yale yanayotendeka katika uchapishaji upya. Hadithi za zamani zinapokusanywa kuwa vitabu, kurasa za barua aghalabu hutupwa pamoja na matangazo ya baiskeli na peremende, kana kwamba zilikuwa na thamani sawa. Baadhi ya mikusanyo minene ya Marvel huzihifadhi. Kwa matoleo mengine mengi, anayetaka kujua wasomaji wa 1966 walimpokeaje Black Panther alipotokea mara ya kwanza, au walivyobishana kuhusu vita vya Vietnam, hana budi kuutafuta mkononi mwa wakusanyaji ule uliokuwa wa senti 12, ambao karatasi yake sasa ni ya manjano na huvunjika pembeni.