Trauti na Baridi ya Mto Gura

Mgeni afikapo katika nchi asiyoijua hutafuta kwanza mahali pa kukaa. Hebu tumtazame mgeni mmoja asiye na ulimi wa kuuliza njia, naye ni samaki aitwaye trauti.

Asili yake ni mito na maziwa ya Ulaya. Mwaka 1905, mlowezi Mwingereza aliyeitwa Ewart Grogan alileta mayai ya samaki huyo kutoka Loch Leven, Uskoti. Mayai yalivuka bahari yakihifadhiwa katika baridi, yakasafiri kwa reli, kisha yakachukuliwa kwa miguu mpaka Mto Gura katika milima ya Nyandarua. Mwaka 1910 aliletwa jamaa yake mwenye asili ya Amerika Kaskazini, safari hii kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1948 kikaanzishwa kituo cha kuzalisha samaki hao huko Kiganjo, karibu na Nyeri.

Sasa fikiri. Maji ya Gura huingia katika Mto Tana, na Tana hupita Garissa hadi Bahari ya Hindi. Mbona basi trauti haonekani Garissa?

Jibu ni joto. Samaki huyu hana joto lake mwenyewe. Mwili wake hufuata joto la maji. Maji yakipata moto, mwili hufanya kazi kwa haraka zaidi na kudai oksijeni nyingi; lakini maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Ni kama mtu ambaye matumizi yake yanaongezeka huku mapato yakipungua. Kwa hiyo trauti hustawi katika maji ya nyuzi 10 hadi 18 hivi za Selsiasi. Yakizidi 20 hutaabika, na yakifika 25 hivi aghalabu hufa. Hata huko mlimani, jua likiwa kali hujificha katika vidimbwi virefu, penye kivuli, au palipo na chemchemi.

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Trauti alihamishwa mbali, lakini asili yake hakuiacha. Grogan alichagua mto. Mipaka ya makao iliwekwa na baridi.

Mipaka hiyo yaweza kusogea. Miti ya kandokando ikikatwa, jua huyapiga maji, nayo hupata joto. Hapo samaki hana budi kupanda juu zaidi, na mlima una mwisho wake.

Labda utasema, trauti ni mgeni, akiondoka tumepoteza nini? Kumbuka kwamba mto anaoukimbia ndio tunaouteka sisi. Basi siku moja, adhuhuri, nenda kwenye kijito cha kwenu. Tia mkono penye kivuli, kisha utie palipokatwa miti, nawe utafahamu mwenyewe ni kwa nini samaki huhama.