Kabla ya "kozi zisizo na soko": miaka 60 ya kumlaumu aliyesoma

Uzi. Huu ni mrefu kidogo, tafuta pa kukaa.

Tukielekea 2027 mtasikia sentensi mbili kila wiki. Ya kwanza: vijana wanasomea kozi zisizo na soko. Ya pili: vijana wanachagua kazi. Zikishasemwa, sisi huku chini tunagawana, wenye digrii upande huu na wenye biashara upande ule, na aliyeulizwa swali anaondoka bila kulijibu. Kama kawaida yetu hapa, sitaji mwanasiasa wala chama. Hata sihitaji, maana hoja yenyewe ina umri kuliko karibu wote wanaoitumia.

Dai langu ni hili. Tangu uhuru, Wakenya wamekuwa wakiuliza "kazi iko wapi?" na serikali zote, bila kubagua, zimekuwa zikijibu "mlifundishwa vibaya." Swali la ajira linapelekwa Wizara ya Elimu. Halafu tunashangaa halijibiwi.

Turudi 1964. Uhuru hata haujamaliza miezi mitatu, na watu wasio na kazi wamejaa Nairobi. Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi wakakaa meza moja wakatia sahihi mkataba wa pande tatu. Waajiri binafsi waongeze wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali iongeze kwa asilimia 15, na wafanyakazi nao wasigome wala kudai nyongeza ya mshahara kwa muda. Watu zaidi ya 200,000 walijitokeza kujiandikisha kama wasio na kazi. Wengi walisafiri kutoka mashambani baada ya kusikia tu kwamba kuna nafasi. Mkataba kama huo ulirudiwa 1970, ukarudiwa tena 1979.

Uzuri wa ile mikataba, pamoja na udhaifu wake wote, ni kwamba ilimwambia mwajiri: ajiri. Haikumwambia kijana: badilika. Tafuta kitu kama hicho kwenye manifesto za leo uone kama utakipata.

Lakini jibu la pili lilikuwa tayari njiani. Mwaka 1966 Baraza la Kitaifa la Makanisa lilitoa ripoti iliyouliza kitakachofuata baada ya shule. Ilikuwa inamzungumzia nani? Si mwenye digrii. Si wa kidato cha nne. Ilikuwa inamzungumzia mtoto aliyemaliza shule ya msingi! Miaka michache tu kabla, cheti hicho kilikuwa kinakupa ukarani. Sasa waliokuwa nacho walikuwa wengi kuliko nafasi. Hapo ndipo vikazaliwa vyuo vya ufundi vijijini, vile ambavyo wazee bado wanaviita "village polytechnic". Wazo zuri, na vilisaidia wengi. Lakini angalia hatua ilivyopigwa: kazi zimepungukiwa, tumebadilisha masomo.

Kufikia miaka ya 70 tatizo lilikuwa limepanda ngazi moja. Sasa anayehangaika ni wa kidato cha nne. Meja Mwangi aliandika riwaya yake Kill Me Quick mwaka 1973 kuhusu vijana wawili, Meja na Maina, waliomaliza sekondari wakaingia Nairobi wakiamini vyeti vyao vitawafungulia milango. Wanaishia kula kwenye mapipa ya taka. Hiyo ni 1973, jamani. Yule anayekuambia kizazi cha zamani kilimaliza shule kikapata kazi moja kwa moja, muulize anazungumzia mwaka gani na cheti gani.

Mwaka mmoja kabla, 1972, Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limetoa ripoti nzito kuhusu ajira Kenya. Ndiyo iliyosambaza duniani kote dhana ya sekta isiyo rasmi, ambayo sisi tunaiita jua kali. Ilisema kitu ambacho wengi hawakutaka kusikia: shida ya Kenya si wavivu, kwa sababu maskini wengi wanafanya kazi kutwa nzima, ila kazi yenyewe hailipi. Ikataka mapato na ardhi vigawanywe vizuri zaidi. Sehemu ya kusifu mafundi wa jua kali ikapendwa sana na wanasiasa baadaye. Sehemu ya kugawa, unajua mwenyewe.

Sasa chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipojitegemea mwaka 1970 kilikuwa na wanafunzi chini ya 3,000. Nchi ilikuwa inaweka Waafrika kwenye ofisi zilizoachwa na wakoloni, na mashirika ya umma yalikuwa yanafunguliwa. Kwa hiyo mpaka katikati ya miaka ya 80, digrii ilikuwa karibu sawa na barua ya kazi. Huo ndio ulimwengu ambao wazazi wetu walituambia tuusomee. Haikuwa uongo. Ulikuwa umefungwa tu kabla hatujafika.

Ulifungwa vipi? Hapa nataka tukae kidogo.

Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4. Useremala, uashi, kilimo, sayansi kimu; wazazi wakachangishwa wajenge karakana. Hoja rasmi ilikuwa kwamba mtoto atoke shuleni akiweza kujiajiri. Mwaka huohuo kiongozi wa nchi alitembelea mafundi wa Kamukunji, na jua kali ikaanza kuwa sera. Yaani ujumbe ulikuwa tayari: msitutegemee. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 mengi ya yale masomo ya vitendo yalikuwa yamepunguzwa kwa sababu mtaala ulikuwa mzito mno. Karakana nyingi zikabaki stoo.

Mwaka 1990 vyuo vikuu vikapokea makundi mawili kwa mpigo, wa mwisho wa A-level na wa kwanza wa 8-4-4. Mwaka 1993, chini ya masharti ya wakopeshaji wa nje, ukaanza mpango wa kupunguza watumishi wa serikali: ukistaafu mapema kwa hiari unapewa kiinua mgongo na kwaheri. Wanafunzi wanaongezeka, mwajiri mkubwa anapunguza watu. Na soko la bidhaa lilikuwa limefunguliwa. Mji wa Thika, uliokuwa unaitwa Birmingham ya Kenya kwa sababu ya viwanda vyake vya nguo, vya mikebe, vya kuunganisha magari, ukaanza kuona mashine zikinyamaza. Mitumba ikaingia. Nchi nzima viwanda vya nguo vikafunga au vikabaki na watu wachache.

Niambieni, kuna kozi gani ambayo mwanafunzi wa 1990 angeichagua ikazuia hayo yote?

Naandika haya nikiwa Ngoliba, kwa hiyo nitumie mfano wa hapa nyumbani. Ukitoka Thika kwa barabara ya Garissa, ukipita mananasi, unakuja upande wetu. Mlima Kilimambogo uko mbele yako, na njiani kuna chuo cha ualimu kinachobeba jina lake. Wazee wa huku wanakumbuka enzi ambazo ukimaliza ualimu unaenda nyumbani kusubiri barua ya TSC, na barua inakuja. Ulikuwa unapangiwa shule tu. Mwaka 1998 serikali ikasimamisha utaratibu huo. Kuanzia hapo mwalimu mpya anaajiriwa kuziba pengo la aliyestaafu, aliyefariki au aliyeacha, au nafasi zikitengewa pesa.

Halafu 2003 ikaja elimu ya msingi bila malipo. Wanafunzi wa shule za msingi wakaongezeka kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Madarasa ya watoto 80, 100. Na walimu waliofunzwa, wenye vyeti, wamekaa nyumbani wakifuga kuku.

Soma hiyo tena. Kazi ilikuwepo: watoto hao hapo, wamekaa sakafuni. Mtu wa kuifanya alikuwepo, amefunzwa na serikali yenyewe. Kilichokosekana ni mshahara kwenye bajeti. Hakuna kozi isiyo na soko hapo. Kuna mnunuzi mmoja mkubwa aliyeamua kutonunua.

Na haijaisha. Mwaka 2023 walimu wa sekondari msingi walichukuliwa kama wanagenzi, shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wakifanya kazi ya mwalimu kamili. Aprili 2024 mahakama ya kazi ikasema utaratibu huo haukuwa halali. Wakati huohuo madaktari walikuwa wamegoma tangu Machi, na moja ya madai makubwa lilikuwa wanagenzi wao kupangiwa hospitali na kulipwa walivyokubaliana. Udaktari! Ile kozi ambayo kila shangazi anakuambia haina njaa. Mgomo ulichukua siku 56.

Nikisema hivi kuna mtu atanijibu, "Kwani kila mtu aajiriwe na serikali?" Swali la haki. Hapana. Serikali haiwezi kumeza kila mwenye digrii, na 1964 yenyewe inaonyesha hatari. Wanauchumi Harris na Todaro waliandika mwaka 1970 kwamba ukiongeza nafasi mjini bila kugusa mapato ya shamba, unaweza kuvuta watu wengi zaidi ya nafasi ulizoongeza. Vyuo vikuu navyo si malaika. Mwaka 1998, mwaka uleule walimu walipofungiwa mlango, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza masomo ya kujilipia, ile "parallel", na vingine vikafuata mbio. Kufikia 2016 wanafunzi wa vyuo vikuu walikuwa wamepita nusu milioni. Kozi zilizohitaji chaki na ukumbi tu zilifunguliwa kila kona, kwa sababu zilikuwa rahisi kuuza. Mimi nasoma mojawapo, siasa, na nimeshazoea kuulizwa na wajomba nitakuja kuwa diwani wa wapi.

Ila kuna mtu alishaijibu hii ya "someni ufundi" mapema sana. Philip Foster, akiandika kuhusu Ghana mwaka 1965, alisema vijana hawakimbilii masomo ya ofisini kwa sababu wamedanganywa na mtaala. Wanakimbilia kwa sababu wamepiga hesabu: wanaona mshahara wa ofisi na mshahara wa jembe. Badilisha mtaala utakavyo, usipobadilisha malipo hawatahama. Ronald Dore naye, kwenye kitabu chake cha 1976 ambacho Kenya ni mmoja wa mifano, alionyesha vyeti vinavyoshuka thamani: waombaji wakiwa wengi mwajiri anapandisha cheti anachotaka, ingawa kazi ni ileile. Binamu yangu ana digrii ya biashara na anahudumu kwenye kibanda cha M-Pesa pale Thika. Aliyemtangulia hapo alikuwa na kidato cha nne. Kibanda hakijabadilika.

Kabla hata hujaitwa kwenye usaili ulikuwa unanunua karatasi: cheti cha polisi cha tabia njema, cha HELB, cha ushuru, cha mikopo. Asiye na kazi ndiye aliyekuwa analipia kuthibitisha anafaa kupewa kazi. Sheria ilirekebishwa 2022 ili mwajiri asidai hizo mpaka awe anakupa kazi. Hiyo ni moja ya mara chache swali la ajira lilipojibiwa upande wa mwajiri, na haikuhitaji mtaala mpya.

Programu za dharura nitazipita haraka. Huduma ya Vijana ya 1964, Hazina ya Vijana ya 2006, Kazi kwa Vijana 2009, Kazi Mtaani 2020. Kuzibua mitaro kwa miezi kadhaa ni pesa ya chakula, na wakati wa korona ilisaidia kwelikweli. Lakini mtaro ukishazibuka unarudi ulikotoka. Kwenye kampeni za 2002 tuliahidiwa nafasi 500,000 kwa mwaka. Idadi hubadilika, aina ya ahadi haibadiliki.

Na zile nafasi zinazotangazwa huwa ni za aina gani? Takwimu rasmi za mwaka 2024 zinasema uchumi uliongeza kazi 782,300 hivi. Kati ya hizo, karibu 703,700 ni za sekta isiyo rasmi. Tisa kati ya kumi. Kwa hiyo mwanasiasa akisimama aseme "tumetengeneza kazi laki saba", huenda hadanganyi. Ndani ya hiyo laki saba kuna boda ya jirani yangu, kuna mama wa sukuma wiki pale stendi, kuna kijana wa machimbo ya mawe mwenye stashahada ya umeme. Walijitengenezea wenyewe, kwa mkopo wa chama.

Mgombea wa wadi akija Ngoliba mimi nitamuuliza mambo mawili tu. Shule zetu zinadai walimu wangapi sasa hivi, na bajeti ya mwaka huu imelipia wangapi? Akianza kunieleza kuhusu kozi, nitajua hana jibu.

Uzi unaofuata ni wa HELB, tangu ianzishwe 1995. Mwenye mzee aliyekuwa kwenye foleni ya 1964 au mwalimu aliyesubiri barua ya 1998, andika hapa chini, nataka kusoma.