Kompyuta moja isingetosha: historia ya data za CERN

Juzi kwenye mafunzo ya kompyuta mdogo wetu mmoja aliuliza: wale wanasayansi wa Geneva wana kompyuta kubwa kiasi gani ya kusoma data zao zote? Tulicheka, kumbe swali ni zuri. Hakuna kompyuta moja inayotosha.

CERN ilianzishwa 1954, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Baadhi ya nchi zilizoianzisha zilikuwa zimepigana vita miaka tisa tu nyuma. Enzi hizo njia za chembe ndogo zilipigwa picha ndani ya chemba ya mapovu, maelfu kwa maelfu ya picha. Nani alizisoma? Mara nyingi wanawake. Walikaa mezani, picha imeangazwa mbele yao, wakafuata mstari mmoja mmoja na kupima ulivyopinda. Kompyuta ilianza kazi baada ya macho yao. Mwaka 1968 Luis Alvarez wa Marekani alipewa Tuzo ya Nobel, na mojawapo ya sababu ni njia za kuchambua picha hizo. Wasomaji wenyewe, wengi majina yao hatuyaoni popote. Sisi tunaozunguka kambini kujaza fomu za watu, hilo tunalielewa vizuri.

Halafu ikaja mashine ya LHC, duara la kilomita 27 chini ya ardhi. Humo protoni hugongana hadi mara bilioni 1 kwa sekunde. Jamani, ghala gani lingetosha? Karibu yote hutupwa papo hapo, inabaki kama migongano 1,000 kwa sekunde. Na hiyo iliyobaki bado ni mlima.

Basi wakaamua kugawana mzigo. Mradi ulianza 2001, mtandao ukazinduliwa 2008. Leo una vituo kama 170 katika nchi zaidi ya 40. Nakala moja hukaa Geneva kwenye tepu, nyingine husambazwa kwenye vituo vikubwa vya nje. Mtafiti akituma kazi yake, programu ndo inatafuta mashine yenye nafasi, iwe nchi yoyote. Kwa njia hiyo chembe ya Higgs ilitangazwa tarehe 4 Julai 2012.

Tangu 2014 sehemu ya data hizo iko wazi kwa yeyote. Tulijaribu kupakua faili moja kwa simu, bando likaisha kabla ya nusu. Jumamosi tutajaribu tena kwa kompyuta ya kituo, saa nne asubuhi. Viti ni vinne tu, atakayewahi ndo atakaa.