Radhi ya Songea

Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji, akaomba radhi kwa yale Wajerumani waliyotenda katika Vita vya Majimaji. Yeye alizaliwa 1956. Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, alinyongwa na Wajerumani 1906. Nilisikia habari hiyo redioni nikichambua mchele, nikajiuliza: muuza mikate wa Berlin ana deni gani hapa?

Kisha nikamkumbuka baba wa babu yangu. Alikuwa askari wa Mjerumani. Vita hivyo vya 1905 hadi 1907 viliua watu wanaokadiriwa kufikia 300,000, wengi kwa njaa, maana vijiji, maghala na mashamba vilichomwa. Amri zilitoka kwa Wajerumani. Moto, mara nyingi, uliwashwa na weusi wenzetu wa mshahara. Mkanda wake wa ngozi tunao. Mama hufungia kuni.