Kasri Letu la Kilwa

Wafaransa huwapeleka watoto wao kulala mahemani jirani na makasri ya wafalme wao. Likizo iliyopita nami niliwatoa wangu Mchafukoge, tukapiga hema Kilwa Masoko, kesho yake tukavuka kwa mashua hadi Kisiwani.

Husuni Kubwa ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Jina lasema ngome, kumbe ni kasri: vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogea lenye pembe 8. Hapo watoto waligoma kuondoka! Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji. Wareno wakauteka mwaka 1505.

Adui wa sasa ni mawimbi. UNESCO iliyaweka magofu hayo kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, ikayatoa mwaka 2014 baada ya ukarabati. Kinga yake ni mikoko, na mikoko ndiyo boriti. Wewe unayenunua boriti mjini, uliza zimekatwa wapi.