Mshahara wa aliyeambiwa "kaa nyumbani kwanza": Mikumi 2020 na Mwaka wa Majivu



Ndugu zangu, anayetoka Mikumi akashika barabara ya Ifakara hufika Ruaha kabla ya kuvuka mto kuingia Kidatu. Wilaya ni moja, Kilosa, lakini mwaka 2020 riziki za miji hii miwili zilikwenda njia tofauti.

Ruaha inaishi kwa miwa. Serikali yetu haikufunga viwanda, na sukari ilitafutwa sana. Kuingia Ramadhani ilipanda bei mpaka ikatangazwa bei elekezi. Mikumi inategemea wageni wa hifadhi. Aprili ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa, na hata anga lilipofunguliwa Mei 18, wageni hawakurudi upesi. Nchi nzima ilipokea watalii 1,527,230 mwaka 2019. Mwaka 2020 walikuja 620,867.

Sasa mfikirie mpishi wa hoteli. Hajafukuzwa. Ameambiwa tu, "Kaa nyumbani kwanza, hali ikitulia tutakuita." Sheria ya mwaka 2018 ilishaleta fao la kukosa ajira: theluthi ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia miezi 18 au zaidi. Lakini fao hilo ni la aliyeachishwa kazi. Huyu wetu kazi anayo, mshahara hana. Hapa ndipo wengi walipoumia kimya kimya.

Uingereza waliliziba pengo hili hili. Kuanzia Machi 2020 serikali yao ililipa asilimia 80 ya mshahara, isizidi pauni 2,500 kwa mwezi, ikipitia kwa mwajiri ili mtu asifutwe kwenye orodha ya wafanyakazi. Hadi mpango ulipofungwa Septemba 2021, ajira milioni 11.7 zilikuwa zimepitia humo. Kenya walimwondolea kodi ya mshahara anayelipwa hadi shilingi 24,000 kwa mwezi. Nafuu nzuri, ila kwa ambaye bado analipwa. Kwetu, Mei 2020, Benki Kuu iliyalegezea mabenki masharti na kuyahimiza yapange upya mikopo ya wateja walioathirika. Mwenye hoteli aliyekopa alipata pumzi. Mpishi wake alibaki kungoja huruma ya bosi.

Wapo wanaosema kumhudumia mtu asiye na kazi ya kufanya ni mambo ya Wazungu wenye fedha. Hapana, jamani. Rudini mwaka 18 Hijria, Mwaka wa Majivu, Aamu Ramada. Mvua ilikatika Hijazi, ardhi ikawa kama jivu, mabedui wakamiminika Madina. Amirul Muuminina Umar bin Khattab (r.a.) alifanya mambo mawili kwa pamoja. Aliahirisha ukusanyaji wa zaka, ili mwenye mali iliyodhoofika asikamuliwe. Na aliwaandikia magavana wake, ngamia wa chakula wakaja kutoka Sham, watu wakapikiwa na kulishwa. Yeye mwenyewe alijizuia samli na nyama mpaka watu wapate. Abu Ubayda (r.a.), aliyeleta msaada ule, alifariki kwa tauni ya Amwas huko huko Sham. Kwa hiyo njaa na maradhi vilikuja karibu pamoja, na hazina ya umma haikusema kila mtu na lwake.

Tazameni vizuri: kuahirisha zaka kulimsaidia mwenye mifugo, chakula kilimfikia asiye na kitu. Sisi mwaka 2020 tulifanya lile la kwanza. Oktoba 2021 ulipokuja mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3, yalijengwa madarasa 15,000, zikaenda afya, zikaenda maji. Ni kheri, sikatai. Lakini madarasa hayalipi kodi ya chumba ya mpishi wa Mikumi.

Na pale serikali inapotoa fedha za mishahara kupitia mwajiri, fedha hizo ni amana mkononi mwake. Uingereza walikuwepo waliozidai huku wafanyakazi wakiendelea kuchapa kazi. Hiyo ni khiyana hata kama mkaguzi hakuiona.

Kuna ndugu wataniuliza kuhusu mwajiri ambaye hakupewa chochote na serikali. Siku ambazo hakuna kazi iliyofanyika, wakae wapatane kwa mkataba wao. Lakini siku zilizofanyiwa kazi kabla milango haijafungwa, ujira wake ni deni. Corona haikulifuta, na mwajiri akifa linatolewa katika mali yake kabla warithi hawajagawana.

Wallahu a'lam.