Oili ya shokapu za mbele: ilikotoka, na ipi inaifaa pikipiki yako ya zamani

Oili ya injini tunaulizana kila siku. Ile ya shokapu za mbele hakuna anayeikumbuka mpaka sili ianze kuvuja na breki ya mbele iloane. Hapo ndipo kila mtu anakuwa na ushauri wake: weka oili chafu uliyomwaga kwenye injini, weka ya gia, mwingine hata ya breki. Leo nataka tuone oili hii ilianzaje, kwa sababu historia yake ndiyo inayoeleza ni ipi ya kununua.

Pikipiki za mwanzo zilikuwa baiskeli zenye injini, na mbele zilibeba uma mgumu wa baiskeli. Baadaye zikawekwa springi. Tatizo la springi ni kwamba inapokea shimo vizuri, lakini inarudi kwa kishindo na kuendelea kudunda. Mafundi wa wakati ule waliweka visahani vya kusuguana pembeni, na dereva alikaza nati kwa mkono akitaka springi itulie. Vikilowa au vikichakaa, kazi imeharibika.

Mwaka 1934 kampuni ya Nimbus ya Denmark ilitoa pikipiki yenye shokapu za mirija miwili, mmoja unaingia ndani ya mwenzake, kama tunazozijua leo. Bado hazikuwa na oili ya kutuliza springi. Mwaka uliofuata BMW ya Ujerumani ikatoa R12, na humo oili ikapewa kazi hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Matchless ya Uingereza ikalipatia jeshi lake pikipiki ya G3/L yenye shokapu za namna hiyo, na vita vilipokwisha karibu kila kiwanda kikafuata. Harley-Davidson walifanya hivyo kwenye pikipiki zao kubwa mwaka 1949.

Siri yenyewe ni ndogo. Ndani ya mrija kuna matundu membamba. Shokapu ikizama au ikirudi, oili inalazimika kupita hapo, na ugumu wa kupita ndio unaoituliza springi. Kwa hiyo oili hii hailainishi tu. Uzito wake ni kipimo, sawa na unene wa springi yenyewe. Ikiwa nyepesi mno, usukani unazama ukifunga breki na tairi linadunda baada ya kila shimo. Ikiwa nzito mno, shokapu haiwahi kurudi, na kwenye barabara yenye matuta madogo mfululizo tairi linarukaruka juu juu. Tairi lisiloshika ardhi halifungi breki wala halikati kona. Ukiwa na matenga mawili ya nyanya nyuma, mbele tayari ni pepesi. Sasa fikiria mteremko.

Mwanzoni hapakuwa na oili maalumu. Triumph za Uingereza za miaka ya 1950 ziliwekewa oili ya injini nyepesi, namba 20 au 30. Mabadiliko makubwa yalikuja na Wajapani. General Motors ya Marekani ilikuwa imeweka kipimo cha oili ya gia otomatiki, ATF, mwaka 1949, na vitabu vingi vya Honda vya miaka ya 1970 viliagiza ATF hiyo hiyo kwenye shokapu. Naona walifanya jambo la busara: pikipiki inauzwa dunia nzima, na ATF inapatikana popote palipo na gari la otomatiki.

Hilo linatuhusu. Honda CG125 ilitoka mwaka 1976, na viwanda vya China vimeiiga kiasi kwamba pikipiki nyingi za kijijini ni wajukuu zake.

Sasa tuje dukani. ATF ya aina ya Dexron III ina uzito wa karibu sentistoki 35 kwenye nyuzi joto 40. Oili ya injini ya namba 40 inafika 140 hivi, yaani mara nne. Ndiyo maana shokapu iliyojazwa oili ya injini inakuwa kama gogo. Iliyokwisha kutumika ni mbaya zaidi, kwani ina vumbi la chuma linalokwangua mirija na sili. Ya breki usiiguse kabisa, huvimbisha mpira na kubandua rangi.

Kopo lililoandikwa oili ya shokapu 10W ni zuri, ila namba hiyo haina kipimo kimoja kwa viwanda vyote. 10W ya huyu ina sentistoki 30 na kitu, ya yule inapita 45. Kama karatasi ya bidhaa inaonyesha sentistoki kwenye nyuzi 40, amini hiyo kuliko maandishi makubwa ya mbele. Dexron VI, iliyoanza 2005, ni nyepesi kidogo kuliko III, kwa hiyo ukiipata hiyo tu, usishangae usukani ukilainika.

Kitabu cha pikipiki yako kikiwepo, fuata uzito na ujazo wake. Kama hakipo, ATF au 10W ni mahali salama pa kuanzia kwa Mjapani wa zamani wa 125. Anayebeba mzigo kila siku anaweza kupanda hadi 15W, si zaidi.

Ujazo ni lazima ulingane pande zote mbili. Bomba la sindano la mifugo la mililita 50 linapima vizuri kuliko kifuniko cha chupa. Nunua jipya, na likishagusa oili lisirudi kwa ng'ombe.